Maswali ya Wasomaji: Mwendo, ufunguo na hisia ya walzi katika sahani ya santuri

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Katika nyumba yetu ya Mkunazini marehemu babu ametuachia santuri ya kukazwa kwa hendeli pamoja na sanduku la sahani zake. Nyingi ni za taarab na za waimbaji wa Misri, lakini moja ni ya Ulaya, na karatasi yake ya katikati inaonyesha kuwa ni walzi (muziki wa ngoma ya Ulaya ya mapigo 3) ya waimbaji wawili kutoka katika opereta (mchezo wa kuigiza wenye kuimbwa) ya Die lustige Witwe ya Franz Lehár. Mwanangu, ambaye anajifunza fidla, alizitafuta nota za wimbo huo akakuta zimeandikwa katika ufunguo wa G, lakini kila akipiga pamoja na sahani anajikuta karibu na A bemoli. Anasema pia kwamba sahani inakwenda mbio kuliko rekodi aliyoisikia kwenye simu. Tulibandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani tukahesabu, tukapata mizunguko 82 kwa dakika moja. Swali jengine ni la mama yangu. Yeye kila akiusikia wimbo huo hulengwa na machozi, na mjukuu wake anamwambia kuwa wimbo wa ufunguo wa meja ni wa furaha, kwa hivyo hapana cha kulia. Nani mwenye haki kati yao?
Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu msomaji. Nimefurahi sana kwamba mlihesabu mizunguko kabla ya kuniandikia, kwa sababu hesabu yenu ndiyo inayofungua nusu ya kwanza ya jambo hili. Sahani za lakiri za aina mliyo nayo zilikusudiwa zizunguke takribani mara 78 kwa dakika. Mawimbi ya sauti yamechongwa ndani ya mfereji wa sahani, na sindano haina kazi nyengine isipokuwa kuyapitia moja baada ya jengine. Ikiyapitia kwa haraka zaidi, mapigo ya wimbo yanakaribiana na papo hapo sauti zote zinapanda, na mambo hayo mawili hutokea kwa kiasi kile kile kwa sababu ni jambo moja. Ili wimbo upande nusu toni kamili, kwa mfano kutoka G hadi A bemoli, mwendo wa sahani unatakiwa uzidi kwa karibu asilimia 6. Mizunguko 82 inapita 78 kwa asilimia 5 na kidogo, na kwa kipimo cha wanamuziki, ambao huigawa nusu toni katika sehemu ndogo 100, hiyo ni sawa na sehemu 87 hivi. Ndiyo maana mwanao hakusema kuwa sahani iko katika A bemoli, bali alisema iko karibu nayo. Neno hilo la «karibu» linanionyesha kwamba sikio lake ni zuri, na naomba asiache kuliamini.

Santuri yenu, basi, inakimbia. Pembeni mwa kitako cha sahani, au chini yake, utakuta kijiti au skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo, na unapoigusa usogeze kidogo kidogo. Hesabuni upya huku sindano ikiwa imeshushwa juu ya sahani na inapiga, si ikiwa imenyanyuliwa, maana uzito wa sindano unapunguza mwendo na hesabu ya sahani tupu itakudanganya. Ni bora pia kuhesabu kwa dakika 2 na kutafuta mizunguko 156, kwa sababu kosa la mzunguko mmoja tu katika dakika moja huipandisha au kuishusha sauti kwa zaidi ya sehemu 20 kati ya zile 100, na sikio la mpiga fidla hulihisi. Kazeni springi mpaka mwisho kabla ya kila upande, kwani springi iliyolegea hupungukiwa na nguvu na wimbo ukaanza katika ufunguo mmoja ukamalizia chini yake. Mkishaiweka kwenye 78, upande uliokuwa ukimalizika kwa dakika 3 kamili utachukua dakika 3 na sekunde 9. Sekunde 9 zinaonekana chache ukizitazama kwenye saa, lakini katika walzi zinatosha kuubadilisha wimbo, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo, naomba mwanao asiichukue 78 kama hukumu ya mwisho. Mpaka mwaka 1925, ulipoingia utaratibu wa kurekodi kwa umeme na maikrofoni, waimbaji walisimama mbele ya pembe kubwa ambayo ilikusanya sauti na kuisukuma moja kwa moja kwenye sindano ya kuchongea. Katika miaka hiyo kila kampuni na hata kila chumba cha kurekodia kilikuwa na mwendo wake, na zipo sahani zilizochongwa kwa mizunguko isiyofika 75 na nyengine zilizopita 80, ingawa zote tumezoea kuziita za 78. Okestra nayo ilipunguzwa ili ienee mbele ya pembe. Besi kubwa la nyuzi, ambalo pembe hailikamati vizuri, mara nyingi liliachwa na badala yake likapigwa tuba, na fidla za kawaida zikabadilishwa na fidla za Stroh, ambazo badala ya sanduku la mbao zina pembe ya bati inayopeleka sauti upande mmoja. Kama sahani yenu inasikika nyembamba, na chini yake pana kitu kinachopuliza badala ya kukwaruzwa, basi huenda ni ya kabla ya 1925 na mwendo wake utabidi utafutwe kwa sikio.

Kwa sikio hutafutwa vipi? Sauti ya mtu ndiyo mizani ya kwanza. Mwimbaji wa kike wa sauti ya juu akiharakishwa na sahani, irabu zake hubanwa, akawa kama mtoto, na mtetemo wa sauti yake, ambao kwa kawaida huwa mara 5 hadi 7 kwa sekunde, unakuwa wa haraka usio wa kawaida. Akicheleweshwa, mtetemo unakuwa kama kuyumba. Mizani ya pili ni fidla. Uzi wake mnene kuliko zote ni G, na hakuna sauti ya fidla iliyo chini ya hapo, kwa hivyo ukisikia fidla ikishuka kupita G ya chini ujue sahani inakwenda polepole mno. Mizani ya tatu ni ufunguo wenyewe, lakini hapa inahitajika hadhari kubwa zaidi, kwa sababu waimbaji wamekuwa wakihamisha nyimbo za opereta juu au chini ili ziwafae, na sahani inaweza kuwa katika F au katika A bila ya kosa lolote la mashine. Msaada ni huu: mwanamuziki anayehamisha wimbo huuhamisha kwa nusu toni kamili, moja au mbili au tatu. Ukiukuta wimbo umekaa kati ya funguo mbili, si hapa wala si pale, mara nyingi lawama ni ya mwendo. Nasema «mara nyingi», kwa sababu hata sauti ya A yenyewe, ambayo wote huwekea vyombo vyao, haikuwa moja. Serikali ya Ufaransa iliiweka kwenye mitetemo 435 kwa sekunde mwaka 1859, na ile 440 tunayoitumia leo ilikubaliwa katika mkutano wa London wa 1939. Tofauti ya hizo mbili ni sehemu 20 tu kati ya 100, lakini ipo.

Pana jambo jengine ambalo watu wengi hulichanganya na hili. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua kama dakika 3, na wa inchi 12 ulipita dakika 4 kidogo, wala wimbo haukuwa na mahali pa kuzidi. Waimbaji wakakata beti, na pengine wakaimba mbio ili wamalize kabla ya mfereji kumalizika. Haraka ya namna hiyo ni ya watu, na haipandishi sauti hata chembe. Haraka ya mashine ndiyo inayopandisha. Kwa hivyo mkishaiweka santuri yenu sawa na ufunguo ukarudi kwenye G, na bado mkaona wimbo una haraka kuliko ule wa kwenye simu, hapo mtakuwa mnawasikia waimbaji wenyewe na hali ya chumba walichosimama, na hiyo si ya kurekebisha. Ni sehemu ya rekodi.

Sasa nije kwa mama. Ndugu msomaji, mama yako ana haki, na napenda kijana wetu aelewe sababu yake ili asije akaendelea kumfundisha bibi yake kisichokuwa sahihi. Opereta hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Theater an der Wien, mjini Vienna, tarehe 30 Desemba 1905. (Mwaka huo huo, hapa kwetu Unguja, ndio ilioanzishwa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, na kila nikiikumbuka sadfa hiyo hufurahi.) Kisa chake ni cha Hanna Glawari, mjane kijana mwenye mali nyingi, na Danilo, aliyempenda zamani wakati Hanna alipokuwa maskini na ukoo wa Danilo ukakataa asimuoe. Wanakutana tena Paris. Danilo bado anampenda, lakini Hanna ni tajiri sasa, na mwanamume huyo ameapa kwamba hatamtamkia neno la mapenzi, watu wasije wakasema ameifuata mali. Hanna naye hatolisema yeye kwanza. Ndipo inapokuja walzi. Kwanza tunaisikia katika sehemu ya pili wakicheza pasi na kuambiana kitu, na katika sehemu ya tatu ndio wanaiimba, na maneno yake yanasema kwamba midomo imenyamaza na fidla ndizo zinazonong'ona yale wasiyoweza kuyatamka.

Wimbo huo uko katika meja, mwendo wake ni wa taratibu, na umebeba miaka ya ukaidi na ya kutamani ndani yake. Mtu aliyekulia Unguja hahitaji kufafanuliwa namna wimbo unavyoweza kusema lile ambalo heshima imelizuia lisisemwe. Nusu ya mashairi ya taarab yamejengwa juu ya fumbo kwa sababu hiyo hiyo, na watu hutoka barazani kwenda kutunza kwenye ubeti mmoja tu, kila mmoja akijua mwenyewe umemgusa wapi. Furaha ya kukubaliwa na uchungu wa kuchelewa vimo humo kwa pamoja. Mama yako hakuzisoma nota, ila alisikia kilichomo.

Kijana wako amefundishwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, na hilo ni jambo ambalo walimu huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza ili wapate pa kuanzia. Na atazame upande wetu. Katika makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu na wa taarab, Ajam inakaribiana na meja, na Nahawand inakaribiana na maina. Hata hivyo ni mara ngapi amesikia wimbo wa Nahawand ukipigwa harusini na wanawake wakauinukia, na ni mara ngapi amesikia Ajam ikiimbwa kwa kuaga? Rast na Bayati, ambazo zina sauti za robo toni zisizokuwamo kabisa katika piano, haziingii katika mgawanyo huo wa furaha na huzuni kwa namna yoyote. Makamu au ufunguo hufungua mlango wa hisia, lakini kinachoamua msikilizaji ataingia chumba gani ni mwendo, ni umbo la mahadhi, ni maneno, na ni namna mwimbaji anavyoiachia pumzi mwisho wa mstari.

Hapa ndipo zile sekunde 9 zinaporudi. Walzi ya polepole inaishi katika pengo dogo baina ya pigo la kwanza na la pili, ambapo mchezaji huegemea kidogo kabla ya kugeuka. Sahani ikiharakishwa kwa asilimia 5, pengo hilo linapungua, sauti za waimbaji zinakuwa nyembamba, na utu uzima wao unapotea. Hanna na Danilo wanakuwa kama vijana wawili wasio na la nyuma la kukumbuka. Kuhama kutoka G hadi A bemoli kwenyewe hakuna madhara makubwa kwa hisia. Kama mama amekuwa akilia kwa mizunguko 82, basi rekebisheni santuri, mumkalishe, mumsikilizishe kwa 78. Ningependa sana kujua atasema nini.

SWALI: Mwalimu, nami ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake na mpenzi wa muziki wa aina zote. Ninazo rekodi mbili za opereta ya Die Fledermaus ya Johann Strauss mdogo, moja iliyoongozwa na Clemens Krauss mwaka 1950 na nyengine ya Carlos Kleiber ya 1975. Nazisikiliza kutoka kwenye kompyuta, kwa hivyo naamini hakuna kosa la santuri. Hata hivyo mwendo wao haufanani, na katika uvertura, yaani muziki wa ufunguzi, peke yake Kleiber ananifanya nishike kiti wakati Krauss ananifanya nitabasamu. Ipi iliyo sahihi? Pia, katika sehemu ya kwanza, mke anamuaga mumewe kwa wimbo wa huzuni, na ghafla bila ya sababu wote watatu waliopo wanaingia katika ngoma ya kuchezeka. Nilidhani rekodi imekatwa, lakini zote mbili ziko hivyo hivyo.
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hakuna iliyokatwa, na nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu ni moja ya mahali pazuri mno katika opereta nzima. Eisenstein amehukumiwa kifungo cha siku 8 na anatakiwa aripoti jela usiku huo. Mkewe, Rosalinde, anaimba kwamba ataishi vipi siku zote hizo peke yake, kwa mahadhi ya maina, polepole, na kama ungesikia ubeti huo tu ungesadiki kwamba moyo wake umepasuka. Lakini sisi tunajua yanayofichwa. Rafiki wa Eisenstein ameshamshawishi aende kwanza kwenye karamu ya Prince Orlofsky na jela aende asubuhi. Rosalinde anamtarajia mpenzi wake wa zamani mara mume akitoka. Na Adele, mtumishi, ameomba ruhusa kwa kusingizia shangazi mgonjwa, kumbe naye anakwenda karamu hiyo hiyo. Wote watatu wanalia na wote watatu wana furaha. Ndipo miguu inapowasaliti. Wanapofika kwenye maneno ya kulalamika namna wanavyoumia, okestra inageukia meja na mwendo wa haraka wa mapigo 2, na malalamiko yale yale yanaimbwa kwa muziki wa kuchezea. Maneno yanasema huzuni, ufunguo na mwendo vinasema kweli. Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba hisia ya muziki haikai katika kitu kimoja, na ningekuwa na darasa ningelisikilizisha dakika hizo 4 kabla ya somo lolote la nadharia.

Kwa hivyo kiongozi wa okestra ana kazi nzito pale. Akiichukua ile sehemu ya maina kwa mzaha, polepole ya kupita kiasi na ya kujifanya, ameshatoboa siri kabla ya wakati. Inatakiwa iimbwe kwa dhati, kama kwamba mtu anaaga kweli, ili mgeuko uwe mgeuko.

Sasa mwendo wa uvertura. Watunzi wa zama zile waliandika mwendo kwa maneno ya Kitaliana, na kipima mwendo cha Maelzel kilikuwapo tangu 1815, lakini hata palipo na nambari huwa haisemi kila kitu, hasa katika muziki wa Vienna. Mpiga walzi wa Vienna hayapigi mapigo 3 kwa usawa. Pigo la pili analileta mapema kidogo, na la tatu linachelewa kufika, au linasubiri mahali pake, na kiasi cha hayo hakiandikwi popote. Mtu hukirithi kwa kusikia, kama mpiga dumbak anavyorithi wapi pa kuweka uzito katika mdundo wa wahda bila ya kuandikiwa. Rekodi ya Krauss imepigwa na Wiener Philharmoniker, okestra ya Vienna, watu ambao mwendo huo umo vidoleni mwao, na Krauss mwenyewe ni mzaliwa wa Vienna. Anauacha muziki uende, haulazimishi, na walzi inapoanza ndani ya uvertura anaikawiza mwanzo kisha anaiachia kama mtu anayemshika mwenzake mkono kabla ya kuingia uwanjani. Kleiber amepiga na okestra ya opera ya Bavaria, mjini Munich. Kwake kila kitu kina ukali wa kisu. Zile sauti 3 za mwanzo zinakupiga, na mwisho wa uvertura unakimbia mpaka mtu hushangaa vipi wapigaji wote wamefika pamoja.

Nikiulizwa nichague, ninamchagua Krauss kwa walzi na Kleiber kwa kisa. Nasema kwa kisa kwa sababu uvertura ile ina saa ndani yake. Utasikia kengele ikigonga mara 6, nayo ni saa ya mwisho wa karamu, saa 12 ya asubuhi kwa hesabu yetu, ambapo Eisenstein anakumbuka kwamba jela inamsubiri. Katika rekodi ya Kleiber ninaisikia hatari hiyo tangu mwanzo, kama kwamba usiku wote wa starehe una kikomo kinachokaribia. Kwa Krauss nausikia usiku wenyewe, na watu ambao wamesahau kabisa kwamba kuna asubuhi. Kisa kina vyote viwili, na sioni namna mtu mmoja angeweza kuvitoa vyote kwa ukamilifu katika mwendo mmoja.

Kuhusu ufunguo, uvertura iko katika A, na ukiipima kwa chombo chako usishangae ukaona rekodi ya Vienna inaelea juu kidogo ya ulivyotarajia. Okestra ile huweka A yake juu ya 440 kidogo, ili nyuzi zing'are zaidi. Hilo ni la makusudi, wala si kosa la mwendo. Ukitaka kuwa na hakika, sikiliza sauti za waimbaji kama nilivyomweleza ndugu yetu wa Mkunazini.

Jambo moja ningekuomba ulifanye, mwalimu. Chukua wimbo wa Rosalinde wa katika karamu, anapojifanya kontesa, yaani bibi wa ukoo bora, wa Hungari na kuimba csárdás, ngoma ya Kihungari, ili watu wamsadiki. Csárdás ina sehemu 2, ya polepole na kisha ya haraka, na katika ile ya polepole kiongozi humfuata mwimbaji badala ya mwimbaji kumfuata kiongozi. Sikiliza katika rekodi zako zote mbili ni nani anayemsubiri nani, na sauti gani zinarefushwa. Nadhani utaona kuwa tofauti ya viongozi hawa wawili haimo katika kasi peke yake, kwa sababu Kleiber, ambaye umemzoea kwa mbio, hapo anajua kusubiri pia.

SWALI: Maalim, nataka kunakili sahani za marehemu baba ziingie kwenye simu. Zipo za taarab na zipo nyimbo kadhaa za opereta za Kiingereza, na nyengine zinakimbia. Rafiki yangu ana programu inayopunguza mwendo bila ya kushusha sauti. Je, niitumie hiyo? Na kwanza, niziondoe vumbi kwa spirit?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Spirit usiikaribishe kabisa. Sahani hizo zimetengenezwa kwa lakiri, ambayo inatokana na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na spirit huiyeyusha. Fundi samani yeyote aliyewahi kung'arisha kabati kwa lakiri atakuambia kwamba anaichanganya na spirit ili ilainike. Tumia brashi laini, ukifuata mfereji unavyozunguka, na doa lililogandamana lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, uangalie karatasi ya katikati isirowe. Usizipige kwa sindano ya sahani za 33, kwa kuwa ni nyembamba na itashuka mpaka chini ya mfereji kwenye uchafu. Iko sindano pana ya 78, nayo ndiyo inayofaa.

Programu ya rafiki yako ni nzuri kwa mtu anayejifunza kupiga wimbo na anataka usikike polepole katika ufunguo ule ule. Kwa sahani inayokimbia haifai, kwa sababu mwendo na sauti viliharibika pamoja na inatakiwa virudi pamoja. Ukipunguza mwendo peke yake, utapata wimbo wenye kasi sahihi ulioimbwa na mtu mwenye sauti isiyo yake. Hili lina uzito zaidi kwa taarab ya zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sahani zile na zilizofuata ndizo zilizotuhifadhia sauti za watu ambao hatukuwahi kuwasikia; tukizirekebisha nusu, wajukuu watadhani kwamba bibi zao waliimba kwa sauti za puani. Tafuta katika programu yako sehemu inayobadilisha mwendo na sauti kwa pamoja. Kama santuri yako ilizunguka mara 82 wakati wa kunakili na unataka 78, punguza mpaka asilimia 95.1 ya mwendo wa mwanzo, kisha sikiliza irabu za mwimbaji na umalizie kwa sikio.

Hifadhi nakala mbili za kila upande, moja kama ilivyotoka kwenye sindano bila ya kuguswa na moja uliyoirekebisha, na katika jina la ile ya pili uandike mizunguko uliyoichagua, ili akitokea mwenye sikio bora kuliko lako na langu aweze kuanza upya kutoka kwenye ile ya kwanza.